Nilivyokuwa Mshenga wa Bosi Wangu

Leo nimepatikana. Nimeaibika mbele ya bosi, mbele ya ukoo, na mbele ya mbuzi ambao hata hawajanunuliwa. Suti sijavua. Nimeketi kitandani hapa Birikani, Voi, na viatu mguuni, na nimeona afadhali niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na watu wa Wundanyi, kwa sababu wale hawatapunguza kitu.

Wacha nianze mwanzo.

Nyinyi mnajua nafanya kazi kwa Mzee Kioko, yule Mkamba wa ndizi. (Kwa wale wageni humu: tunanunua ndizi kwa wakulima wa Mboghoni, kule Taveta, tunazileta stoo Voi, halafu lori linazipeleka Mombasa.) Mimi ni wa stoo. Napokea mikungu, natenga iliyoiva na ambayo bado, napakia. Kazi si mbaya. Lakini mimi nataka kuwa mnunuzi, yule anayesimama shambani asubuhi na mkulima wakipatana bei. Mnunuzi wetu ameacha kazi akaenda kwao kulima matikiti, na nafasi yake iko wazi. Hiyo nafasi naitaka. Naitaka hadi naiota usiku, na kwenye ndoto nimevaa kofia.

Shida ni kwamba mimi na mzee hatujawahi kuwa karibu. Si kwamba tunagombana. Ananisalimia, namsalimia, basi. Mzee ni mtu wa maneno machache, na mimi, mnanijua. Kwa hivyo niliamua: nitajenga uhusiano mzuri na huyu mzee, apende asipende. Nikaanza kufika kazini kabla ya geti kufunguliwa. (Askari wa geti aliudhika sana, alidhani namwonyesha kwamba analala.) Nikagundua mzee hunywa chai bila sukari. Na mimi nikaanza kunywa yangu bila sukari, mbele yake, huku natabasamu. Nikajifunza salamu za Kikamba kwa mama anayetuletea maziwa. Nilipomsalimia mzee kwa Kikamba, alinitazama, akaitikia kwa Kiswahili, akaenda zake.

Sikukata tamaa. Mimi nikiamua kitu nimeamua.

Basi Jumatano hii mzee akaja stoo mwenyewe, akasimama katikati ya mikungu, mikono nyuma.

"Mwakio, wewe ni Mtaita, sivyo?"

"Kabisa, bosi. Mtaita wa milimani." (Nimezaliwa Voi. Nimesoma Voi. Milimani huwa naenda tukiwa na mazishi.)

"Mambo ya kuposa huko kwenu unayajua?"

"Yote, bosi."

Hiyo "yote" ndiyo imenifikisha hapa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Kijana wa mzee, Dennis, amepata mchumba, Wakesho, muuguzi hapa Voi, kwao ni Werugha, kule juu ya Wundanyi. Familia ya mzee ilikuwa inapanda leo Jumamosi kupatana mahari. Ndugu yake mzee, aliyekuwa awe mshenga, mgongo umemlaza kitandani. Mzee akaona heri atafute mtu wa kule kule, anayejua wazee wa kule wanaongeleshwa vipi.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipopotea. Mtaita yeyote akisikia habari ya posa, kitu cha kwanza anauliza: binti ni wa nani? Wa nyumba gani, babu yake ni nani, mama yake alitoka wapi. Hata mtoto wa shule anauliza. Mimi sikuuliza. Niliona nikiuliza, mzee atadhani sijui watu wa kwetu. Nikasema tu, "Bosi, niachie mimi."

Na baba yangu yuko hai, yuko Mombasa kwa dada yangu, ana simu na simu ina chaji. Sikumpigia. Nilitaka nimpigie nikishafaulu, nimwambie, baba, mwanao amekuwa mtu. Badala yake nikatazama video za posa kwenye simu hadi macho yakauma. Nyingine zilikuwa za watu wa Nigeria. Nilizitazama hivyo hivyo.

Leo asubuhi nikavaa suti ya harusi ya binamu yangu. Tukakutana nyumbani kwa mzee. Gari la pili lilibeba Mama Dennis na akina mama wenzake, pamoja na Dennis mwenyewe ambaye alikuwa kimya kama mgonjwa. La kwanza, mzee anaendesha. Nikaelekea mlango wa nyuma. Mzee akasema, "Kaa mbele."

Kaa mbele! Tangu niajiriwe, gari lile nimelisukuma mara nyingi, lakini kukaa ndani yake ilikuwa siku ya kwanza. Nikafunga mkanda taratibu, wenzangu wa stoo wasinione wakadhani naringa. (Hawakuwepo. Ni Jumamosi.)

Tukapita Mwatate, tukaanza kupanda. Kwenye zile kona mzee akazima redio.

"Mwakio, nikuambie kitu ambacho hata mke wangu sijamwambia."

Moyo ukaruka.

"Tutaanza na mbuzi wanane. Watakataa. Utapanda polepole, usikimbie. Mwisho wetu ni kumi na tano na mtamba mmoja wa ng'ombe. Ukisikia kumi na sita, tunainuka tunaaga. Umenielewa?"

"Bosi, hiyo nitazikwa nayo."

Mzee alinitazama kwa muda mrefu, hadi nikaogopa kwa sababu ya kona. Kisha akasema, "Sawa," akawasha redio.

Jamani, nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Mtu hamwambii siri asiyemwamini. Nikajiona niko Mboghoni na kofia yangu.

Tukafika Werugha, baridi, ukungu umekaa juu ya migomba. Akina mama wa pale wameziba geti, wanaimba, hawafungui. Mambo hayo ndiyo nilikuwa nimeyangoja. Nikashuka, nikawasalimia kwa Kidawida, lugha yetu Wataita, nikawatania, wakanitoza faini ya leso kwa kuchelewa, nikabisha kidogo, nikaomba msamaha vizuri, leso zikatoka, geti likafunguka. Nikamsikia Mama Dennis nyuma yangu akisema, "Huyu kijana kumbe ni moto!" Na mzee akatikisa kichwa kukubali. Mara moja tu, kidogo. Lakini nilikiona.

Tukaingia sebuleni. Viti pande mbili, vimeza mbele ya viti, zulia katikati. Upande ule wenyeji: baba ya Wakesho, mwalimu mstaafu mwenye koti la sufu, ndugu zake, mchungaji, na kwenye kona mwanamke mzee mwenye kilemba cha zambarau, kijiko mkononi. Upande huu sisi. Mchungaji akaomba. Ombi lilikuwa refu, liligusa hadi wasafiri. Kisha tukapewa chai na kimanga. (Kwa wageni: muhogo, ndizi na maharagwe vimepondwa pamoja. Kinashibisha sana, na hakitaki haraka. Mkumbuke hilo.)

Mwalimu akasema, "Kabla ya mazungumzo, wageni wetu wajitambulishe."

Nikasimama mimi. Nilikuwa nimejitayarisha. Nikajitaja kwa Kidawida, kwa sauti ya kifua, nisionekane Mtaita wa Voi: mimi ni Mwakio, mwana wa Mwadime, mwana wa Mghalu wa hapa hapa Werugha. Nikamaliza na kutulia, nikingoja wavutiwe.

Yule mama wa kwenye kona akaweka kijiko chini.

"Mwadime yupi? Yule aliyekwenda reli?"

"Ndiye, mama."

"Aliyevunjwa jino akicheza mpira?"

"Ndiye, mama."

"Mimi si mama yako. Mimi ni shangazi yako Mkamburi. Nilikubeba mgongoni kwenye mazishi ya bibi yako, ukanikojolea."

Akina mama wakacheka. Dennis alicheka pia, kicheko chake cha kwanza tangu asubuhi. Mimi nilibaki nimesimama na suti ya binamu yangu.

Kumbe babu yake Wakesho na babu yangu ni ndugu. Baba mmoja, mama mmoja. Kwa hivyo yule mwalimu ni baba yangu mdogo, na bibi harusi ni dada yangu. Mimi nimetoka Voi, nimevaa, nimekuja kumwombea mtu mwingine dada yangu mwenyewe kwa bei nafuu.

"Sasa wewe umekaa upande gani?" Shangazi akauliza.

Mwalimu akasema kwa upole, kwa ile sauti ya walimu ambayo ukiisikia unasimama wima. "Mwanangu, vuka uje huku."

Hapa lazima mniheshimu kidogo, kwa sababu nilijaribu. Nikasema, "Baba, nawaheshimu sana. Lakini nimekuja na hawa, wamenipa kazi, naomba niimalize kazi yangu."

"Hakuna mtu anayemposea mgeni dada yake," Mwalimu akasema. "Vuka."

Nikamtazama bosi. Bosi akatazama zulia. "Nenda," akasema.

Nikavuka na sahani yangu ya kimanga mkononi. Lile zulia ni dogo, lakini leo lilikuwa refu. Akina mama wa upande ule wakapiga vigelegele. Nikawekwa katikati, Shangazi Mkamburi kulia kwangu, Mwalimu kushoto, uso kwa uso na mtu anayenipa mshahara.

Kwa kuwa mshenga amehama, bosi akasema mwenyewe. Alisema vizuri, kwa heshima, sauti ya chini. Mwisho akasema wamekuja na mbuzi wanane.

Upande wetu tukacheka kidogo kwa adabu. (Mnaona? Nimeshasema "upande wetu".)

Shangazi akaniinamia. "Mwanangu, umepanda nao gari moja. Wamejipanga na wangapi?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui."

"Sijui kabisa."

"Haya. Kula."

Nikala. Nilikuwa nimeapa moyoni, siri ya bosi haitoki kwangu hata wakinifunga kwa kamba. Na haikutoka. Nataka hilo mliandike mahali. Mdomo wangu haukusema neno.

Shangazi akaketi wima, akainua sauti sebule yote isikie. "Mimi ni mwanamke mzee, wacha nijisemee tu. Kumi."

Nikatafuna.

"Kumi na mbili."

Nikatazama kalenda ukutani.

"Kumi na tatu."

Nikaisoma kalenda. Ilikuwa ya mwaka jana. Nilihisi jasho linateremka mgongoni, na Werugha leo ilikuwa na baridi ya kuvaa sweta mbili. Shangazi hakuwa anamtazama bosi hata kidogo. Alikuwa ananitazama mimi, hapa shingoni, pale chakula kinapopita.

"Kumi na nne."

Nikajaza mdomo kimanga, nionekane mtu mwenye njaa tu.

"Kumi na tano."

Kikakwama.

Si kukwama kidogo. Kilikataa kushuka, kikakataa kupanda. Nikakohoa. Nikakohoa tena, macho yakatoka machozi, nikapiga meza kwa mkono. Punje moja ya haragwe ikanitoka mdomoni, ikavuka zulia peke yake, ikatua karibu na kiatu cha bosi. Watu wote wakaitazama. Shangazi akanipiga mgongoni, pole pole, kama mtu anayembembeleza mtoto, na bila kuacha kunipiga akauliza, "Kumi na sita?"

Nikatikisa kichwa.

Sikutumwa. Hakuna aliyeniuliza mimi. Kichwa changu, kilichokuwa kimefundishwa tangu kwenye kona za Mwatate kwamba kumi na sita hapana, kilijitikisa chenyewe kushoto na kulia mbele ya wazee.

"Basi ni kumi na tano," Shangazi akasema, akachukua kikombe chake cha chai.

Bosi hakubadilika uso. Hiyo ndiyo ilinitisha zaidi. Akaomba ruhusa watoke nje washauriane, kama inavyofanywa. Wakatoka, wakarudi, akasema kumi na tano wamekubali, na mtamba mmoja. Vigelegele. Mwalimu akampa mkono. Nikashusha pumzi. Nikajiambia, Mwakio, umeharibu, lakini angalau imeisha.

"Bado," Shangazi akasema.

Kila mtu akamgeukia.

"Huyu mtoto wetu. Kwako anafanya kazi gani?"

Bosi akasafisha koo. "Yuko stoo, mama."

"Huko stoo anafanya nini?"

"Anatenga ndizi."

"Anatenga ndizi," Shangazi akawaambia wenzake, na wenzake wakasikitika. Nikaanza kuuvuta ukingo wa leso yake chini ya meza. "Shangazi, tafadhali. Shangazi, niache." Akaushika mkono wangu akauweka pajani mwangu, kama anavyofanyiwa mtoto.

"Na yeye anataka kazi gani?"

Aliyejibu ni Mama Dennis, kutoka upande ule, kwa moyo mweupe kabisa. "Anataka kuwa mnunuzi. Kila mtu anajua. Anakunywa hadi chai bila sukari!"

Sebule ikaangua kicheko. Mchungaji alijifunika kwa Biblia.

Shangazi akangoja watulie. "Basi sisi tunasema hivi. Mbuzi kumi na tano, mtamba, na huyu mtoto wetu apewe hiyo kazi ya ununuzi. Hatuwezi kutoa binti kwa watu, halafu kaka yake abaki kwenye maganda."

Jamani. Niliona aibu hadi masikio yakaanza kulia. Ile kazi nimeihangaikia mwenyewe, asubuhi na mapema, na chai chungu, na leo imewekwa mezani pamoja na mbuzi kana kwamba nimemtuma Shangazi. Nilimtazama bosi nikitaka kumwambia kwa macho: si mimi. Lakini leo macho yangu yalikuwa yameshasema mengi, sikuyaamini tena.

Bosi akaomba kutoka nje mara ya pili. Kupitia dirishani nikawaona wamesimama kando ya migomba. Mama Dennis amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanacheza. Bosi anaongea, mkono mmoja mfukoni. Mwalimu kando yangu akaniuliza habari ya baba. Nikamjibu mzima. Akaniuliza kama nimeoa. Nikamjibu bado. Akasema, "Tutaona."

Wakarudi. Bosi hakuketi. Akafunga kifungo cha koti.

"Wazee wetu, mmetupokea vizuri. Mbuzi kumi na tano tumekubali. Mtamba tumekubali. Hilo la tatu..." Akanitazama. "Hilo la tatu tunaomba liondolewe. Na mahali pake tunaongeza mbuzi mmoja."

Mimi nikajua sasa ukoo utawaka. Hawa ni damu yangu. Wameniita mtoto wao mbele ya watu, wamenivusha zulia, watanikataa kwa mbuzi kweli? Mwalimu akainama kwa ndugu zake. Wakanong'ona. Shangazi akanong'ona pia. Kisha Mwalimu akainua kichwa.

"Dume au jike?"

"Jike," bosi akasema.

"Tumekubali."

Vigelegele. Wakaimba. Mtu akafungua soda. Na mimi katikati yao, bei yangu imejulikana, na hata si mbuzi wa pekee, ni wa kumi na sita.

Shangazi akanigusa goti. "Jike atazaa, mwanangu," akasema, ananifariji.

Walitaka nilale huko. Baba mdogo alisema chumba kipo, kesho tutakwenda kanisani pamoja, nikaonyeshwe kwa ukoo. Nilimshukuru, nikamwambia nitarudi, lakini nilikuja na bosi na nitaondoka na bosi. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe ndani ya gari nikiwa nimefunga mkanda. Sikutaka Jumatatu aseme nilijificha kwa shangazi.

Nikaenda mlango wa nyuma. "Kaa mbele," mzee akasema.

Tukateremka. Hakuna redio. Kona ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Nikaona bora nijisemee.

"Bosi, mimi sikusema neno hata moja."

"Najua. Nilikuwepo."

"Na lile la Shangazi sikumtuma."

"Najua."

"Bosi, umeniamini leo nikakuangusha. Sitakuomba unionee huruma. Lakini ile kazi ya ununuzi bado naitaka, na nitaitafuta kwa jasho langu. Jumatatu utanikuta getini. Na kila siku baada ya hiyo."

Nikatazama nje, migomba inapita. Halafu nikaona usukani unatetemeka. Nikadhani ni barabara. Nikamtazama. Mzee alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yanamtoka. Ikabidi asimamishe gari kando.

"Mwakio," akasema akijifuta. "Mimi leo nilikuwa nimejipanga na mbuzi ishirini."

Nikafikiri sikusikia. "Uliniambia kumi na tano, bosi."

"Ndiyo. Wewe nilikuambia kumi na tano."

Ilinichukua muda. Naomba msinihukumu, siku ilikuwa ndefu.

"Habari ya Shangazi sikuijua," akasema. "Hiyo Mungu alinipa bure. Lakini uso wako naujua. Zile siku za mwanzo ukija na lori Mboghoni, wale wakulima hawanitazami mimi. Nikitaja bei wanakutazama wewe, waone kama nimefika mwisho. Na kweli huwa nimefika! Ndiyo maana nikakuweka stoo. Si kwamba sikupendi. Unanipotezea hela kwa macho."

Iliuma. Sitawadanganya, iliuma sana. Miezi yote hiyo nimekunywa chai chungu nikidhani mzee ana kitu na mimi, kumbe ana kitu na uso wangu. Lakini pia nikashusha pumzi, kwa sababu mtu ukijua tatizo lako liko wapi, unaweza kulifanyia kazi.

"Na yule mbuzi wa kuniondoa mimi, bosi?"

"Ningekubali pale, Jumatatu kazini wangesema kazi umeombewa na shangazi yako. Wangekusumbua hadi uache. Mbuzi mmoja afadhali." Akawasha gari. "Jumatatu usiende stoo. Tunakwenda Mboghoni pamoja. Utasimama kando yangu kila ninapopatana na mkulima. Tukiwa njiani nitakuwa nakuambia bei yetu ya mwisho."

Moyo ukaruka tena, ule ule mjinga.

"Ya kweli, bosi?"

Mzee alicheka kutoka hapo hadi Voi.

Kwa hivyo kazi nimepata. Jina lake sijui, na nikiulizwa nyumbani sijui nitasema mimi ni nani huko Mboghoni. Lakini Jumatatu alfajiri niko ndani ya gari hilo, kiti cha mbele, na siku moja huyu mzee ataniambia bei ya kweli na nitaificha. Naapa nitaificha. Tafadhali msinicheke. Mimi mwenyewe nataka nikasirike, najaribu kweli, lakini uso wangu mnaujua.